Jani Safi, Bua Limeliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Mahindi ya Kukinza Bungua

Chukua bua la hindi lililokomaa, liweke juu ya ubao, ulipasue kwa kisu toka kitako hadi karibu na mbelewele. Kwa nje lilikuwa zima. Ndani utakuta handaki la kahawia limepita katikati ya uboho, limejaa kinyesi kinachofanana na vumbi la msumeno lililolowa. Lifuate, utafika mahali linapokata kona kwenda nje, na hapo ganda la bua limebaki jembamba kama karatasi. Kiwavi ndiye aliyelikwangua kabla ya kugeuka buu, yaani pupa, maana nondo atakayetoka humo hana meno ya kutobolea. Unaweka rula, unasoma sentimita, unaandika, unachukua bua jingine. Shamba moja la majaribio lina mabua mamia ya kupasuliwa namna hiyo.

Kiwavi huyo ni bungua wa mashina. Nimeanza na bua kwa sababu kisa hiki cha kutafuta mahindi yanayomkinza kiliamuliwa humo ndani, ingawa waliokizungumzia hadharani walitazama zaidi maabara na jeni.

Mwaka 1999 Kituo cha Kimataifa cha Kuboresha Mahindi na Ngano, CIMMYT, kilianza mradi wa IRMA pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kenya, KARI, ambayo leo ni KALRO. Jina la mradi lilibeba dhamira yake: mahindi ya Afrika yanayokinza wadudu. Fedha zilitoka kwenye wakfu wa Novartis, kisha wa Syngenta, na kazi iliratibiwa na Stephen Mugo, mtaalamu wa kuboresha mbegu wa CIMMYT. Vipimo vilivyochukuliwa katika mashamba ya wakulima miaka ya mwanzo vilionyesha kwamba bungua wa mashina hula takriban asilimia 13 ya mahindi ya Kenya, karibu tani 400,000 kwa mwaka. Hiyo ni hasara isiyopiga kelele. Shamba lililoliwa na bungua halifi lote kwa siku moja kama lililovamiwa na nzige. Hindi linabeba, ila linabeba dogo. Upepo ukivuma, mabua yaliyotobolewa huanguka kwanza, na mkulima husema ni upepo.

Dawa haikuwa jibu la kutegemewa, na sababu yake iko katika maisha ya mdudu mwenyewe. Yai likianguliwa, kiwavi mchanga hupanda hadi kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapojisokota, na kula humo kwa siku kadhaa. Majani hayo yakifunguka baadaye huonekana na vitundu vilivyojipanga mstari mmoja, kwa sababu kiwavi alitoboa jani likiwa bado limekunjwa. Baada ya hapo huzama shinani. Akishazama, dawa inayonyunyizwa juu haimfikii. Mkulima ana siku chache tu za kumpata, na siku zenyewe hazijulikani bila kukagua shamba kila mara. Ndiyo maana wazo la kuiweka kinga ndani ya punje lilikuwa la busara, na bado naliona hivyo: mkulima hupanda kama alivyozoea, mmea hujipigania.

Wadudu wawili, si mmoja

Tunaposema bungua kwa umoja tunajidanganya. Kwa mahindi ya Kenya wako angalau wawili wanaohesabika, na hawafanani.

Wa kwanza ni bungua wa madoa, Chilo partellus. Asili yake ni Asia, akaingia Afrika mwanzoni mwa karne ya 20, na anapenda joto: pwani, nyanda kavu, miinuko ya chini. Jike hutaga mayai juu ya jani, yamelaliana kama magamba ya samaki. Wa pili ni Busseola fusca, mzaliwa wa Afrika, mwenyeji wa nyanda za juu zenye baridi na mvua. Yeye hutaga mayai yake kati ya ala ya jani na bua, mahali ambapo jicho la mkulima na tone la dawa havifiki kwa urahisi. Sehemu kubwa ya mahindi ya Kenya hulimwa kwenye miinuko ile ile ya Busseola. Jambo hili lina uzito mkubwa katika yanayofuata.

IRMA ilichagua kwenda kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza ilikuwa ya Bt, yaani kuyapa mahindi jeni kutoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis ili mmea utengeneze protini inayotoboa utumbo wa kiwavi. Njia ya pili ilikuwa ya kawaida: kukusanya mimea yenye ukinzani wa asili, kuitia wadudu, kuchagua iliyostahimili, kuivusha, kurudia. Ya kwanza ndiyo iliyovuta macho ya watu. Grinihausi yake ya usalama wa viumbe ilifunguliwa Juni 2004 na Rais Mwai Kibaki mwenyewe, na Mei 2005 mahindi ya Bt yakapandwa kwenye shamba la wazi la karantini huko Kiboko, kituo cha utafiti nchini Kenya. Njia ya pili haikufunguliwa na rais yeyote.

Protini iliyomwua mmoja

Majaribio ya Bt yalianza kwa uangalifu mzuri. Kabla ya kuingiza mbegu hai nchini, yaliletwa majani yaliyokatwa kutoka Mexico, ambako mimea hiyo ilitengenezwa. Kipande cha jani kinawekwa kwenye kisahani, viwavi wachanga wanawekwa juu yake, na baada ya siku chache unahesabu waliokufa na kupima eneo la jani lililoliwa. Ni jaribio rahisi linalojibu swali moja: protini hii inamwua mdudu huyu au haimwui?

Kwa Chilo jibu lilikuwa ndiyo. Protini za Cry1Ab na Cry1Ba zilikuwa kali kwake. Kwa Busseola jibu lilikuwa la kusitasita: wengine walikufa, wengine walidumaa, wengine waliendelea kula. Hakuna protini hata moja kati ya zilizojaribiwa iliyommaliza vya kutosha.

Hapa ndipo nadhani wachambuzi wengi walipita haraka mno. Walisema teknolojia inafanya kazi kwa bungua mmoja, kilichobaki ni kutafuta protini ya mwingine. Lakini protini inayoua nusunusu ina hatari kuliko isiyoua kabisa, kwa sababu wanaobaki hai ni wale wanaoivumilia, na hao ndio watakaozaa msimu ujao. Afrika Kusini ilikuwa imeshaanza kuuza mahindi ya Bt ya Cry1Ab tangu 1998. Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa ya kwanza kwamba Busseola fusca wa huko ameshakinza. Ni mdudu yule yule, na protini ya jamii ile ile. Kanuni ilikuwa kwamba mkulima aache sehemu ya shamba bila Bt, iwe kimbilio la wadudu wanaokufa kwa protini, ili wapandane na wachache waliokinza na kuipunguza nguvu jeni ya ukinzani. Wengi hawakuifuata kikamilifu, na jeni moja ikaachwa ibebe mzigo peke yake. Baadaye zilikuja mbegu zenye protini mbili kwa pamoja.

Sisemi hivi kuibeza Bt. Mahali ambapo Chilo ndiye adui mkuu, matokeo yalikuwa mazuri kwelikweli, na mtu aliyeona jani ambalo halijaguswa kati ya majani yaliyotobolewa hawezi kulisahau. Ila kwa mlima na mwinuko, njia ya kwanza peke yake ingemwacha mkulima na ahadi iliyopasuka katikati.

Njia ya polepole

Ukinzani wa asili dhidi ya bungua haukuanzia Kenya. Katika miaka ya 1980 CIMMYT ilikuwa imeshajenga Mexico kundi la mahindi liitwalo MBR, lenye kukinza bungua wa aina nyingi kwa mara moja. Mizizi yake mikubwa ni mahindi ya kisiwa cha Antigua katika Karibi, pamoja na vizazi, yaani nasaba za mbegu, vilivyotengenezwa Mississippi, Marekani. Katika kizazi kimoja cha Mississippi, Mp708, ambacho nacho kina damu ya Antigua, watafiti walikuta mmea ukiliwa hukusanya kwenye moyo wake kimeng'enya kinachochana utando laini unaolinda utumbo wa kiwavi. Kiwavi anaendelea kula lakini chakula hakimfai. Anadumaa, anachelewa kugeuka buu, na aghalabu hafiki.

Hapo kuna tofauti ya msingi. Bt huua. Ukinzani wa namna hii mara nyingi humchelewesha mdudu, humkondesha, humfanya azae kidogo. Kwenye jedwali la maabara huonekana dhaifu. Shambani, kiwavi aliyechelewa kwa wiki moja ni kiwavi aliyekutana na siafu, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wake, na bua ambalo tayari limekuwa gumu. Zaidi ya hayo, hutokana na jeni nyingi ndogondogo, kila moja ikichangia kidogo, kwa hiyo mdudu hana kufuli moja la kuvunja.

Ubaya wake ni kwamba jeni nyingi ndogo huwezi kuziona. Inakubidi uwe na wadudu wengi, wa umri mmoja, ili ugawe mzigo sawa kwa kila mmea. Ukitegemea bungua wa porini, msimu mmoja watakuja wengi na mwingine wachache, tena watatua upande mmoja wa shamba na kuruka upande wa pili. Utachagua mmea ukidhani unakinza, kumbe ulibahatika tu kuepukwa. Makosa ya aina hiyo huweza kupoteza miaka mitano ya kazi.

Kwa hiyo ilibidi wafuge bungua. Kazi hii inastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo uti wa mgongo wa kisa kizima. Viwavi hulishwa uji mgumu uliogandishwa kwa aga, wenye unga wa maharage, unga wa majani makavu ya mahindi, hamira, sukari, vitamini C na kemikali kidogo ya kuzuia ukungu. Mabuu hukusanywa, nondo hufungiwa kwenye vizimba, nao hutaga kwenye karatasi laini badala ya majani. Mayai yanapokaribia kuanguliwa huonyesha kidoti cheusi: ni kichwa cha kiwavi kinachoonekana kupitia ganda. Hiyo ndiyo dalili kwamba kesho ni siku ya shamba. Na mara kwa mara lazima uchanganye damu ya porini kwenye ufugaji, la sivyo baada ya vizazi vingi vya uji utakuwa na mdudu mnyonge asiyejua kula hindi hai, na kila mmea utaonekana shujaa.

Mimea inapokuwa na umri wa wiki tatu hivi, mtu huinama mstari kwa mstari akiwa na brashi yenye nywele laini na kuwaweka viwavi kumi au zaidi kwenye moyo wa kila mmea. Anainama asubuhi, jua likiwa halijawa kali, kwa sababu kiwavi wa siku moja hukauka upesi. Baada ya wiki mbili au tatu hupewa alama ya jani, kutoka 1 hadi 9. Moja ni mmea usio na doa au wenye vitundu vichache vya pini. Tisa ni mmea ulioliwa moyo hadi kufa.

Mtego wa alama ya jani

Alama ya jani ni ya haraka. Mtu mzoefu hutembea shambani akizitaja, mwenzake akiandika, na siku moja inatosha kwa ploti nyingi. Kupasua mabua ni kazi ya siku nyingi, ya jasho na kisu, na hufanyika mwisho wa msimu wakati kila mtu amechoka. Kishawishi cha kuchagua kwa jani peke yake ni kikubwa sana.

Lakini jani na bua si kitu kimoja. Mche mchanga wa hindi una kinga ya kemikali iitwayo DIMBOA, ambayo huwa nyingi wiki za mwanzo na hupungua mmea unavyokua. Inaweza kulinda jani la wiki ya tatu na isiwe na msaada wowote kwa bua la wiki ya kumi. Kinachomzuia kiwavi buani ni nyuzi: kuta za seli zilizoshikamana, uboho mgumu, ganda lenye lignini. Hivyo unaweza kuwa na kizazi chenye alama nzuri ya 2 kwenye jani ambacho ukikipasua kimejaa mahandaki. Unaweza pia kuwa na kingine kilichochanwa majani vibaya ujanani, kikapona, na bua lake likabaki zima. Ukitumia alama moja tu, utamtupa wa pili na kumkumbatia wa kwanza.

Tena kuna kizazi cha pili cha nondo ambacho huja mmea ukiwa umeshatoa mbelewele. Viwavi wake hawana haja ya moyo wa mmea, wala moyo wenyewe haupo tena. Wanaingia moja kwa moja kupitia ala ya jani au kwenye shina la hindi linalobeba. Mmea wenye jani lenye sumu ujanani hauna habari nao.

Kwa hiyo wateuzi walipima vyote: alama ya jani, idadi ya matundu ya kutokea, urefu wa handaki kwa sentimita, halafu wakaunganisha vipimo hivyo kuwa alama moja ya jumla. Na kila aina ilipandwa mara mbili, upande mmoja umetiwa wadudu, upande wa pili umekingwa kwa dawa, ili tofauti ya mavuno ionyeshe gharama halisi ya mdudu. Upande huu wa dawa ndio unaofichua jambo lingine lisilopendeza: mmea unaoweza kujilinda sana wakati mwingine hubeba kidogo. Mahindi ya Antigua hayakuumbwa kwa ajili ya mwinuko wa Kenya. Yalipendelea joto, yalikuwa na tabia zake, na ilibidi yavushwe na vizazi vilivyozoea magonjwa ya majani na michirizi ya huku, kisha kuchagua upya. Kila uvushaji huo hupunguza ukinzani kidogo, na kuurudisha kunahitaji msimu mwingine wa brashi na kisu.

Kuna jambo moja la urithi ambalo kila mwenye kutengeneza chotara anapaswa kulijua hapa. Ukinzani huu kwa sehemu kubwa hujumlishwa. Ukimpandisha mzazi anayekinza na asiyekinza, mtoto huangukia karibu na katikati, hafuati mzazi bora. Maana yake chotara wa kuaminika anahitaji kinga kutoka pande zote mbili, na kazi ya kuboresha inakuwa maradufu: huwezi kuchukua mzazi mmoja mashuhuri wa sokoni na kumpachika mwenzi mwenye kinga, ukatarajia shamba litulie. Naamini hapa ndipo subira ya wafadhili hujaribiwa kuliko penginepo, kwa sababu miaka inapita na hakuna picha ya kuonyesha.

Kilichofika shambani

Kutoka njia hii ya pili zilipatikana chotara na mbegu za uchavushaji huria, na baadhi zilipita majaribio ya kitaifa ya KEPHIS, taasisi ya serikali ya Kenya inayokagua mbegu na afya ya mimea, na kuidhinishwa. Hazikuwa mbegu zisizoliwa. Zililiwa, ila kidogo, na zikabeba vizuri zaidi ya jirani zao pale wadudu walipokuwa wengi. Mbegu za uchavushaji huria zilikuwa na faida yake ya peke yake: mkulima anaweza kuhifadhi punje na kupanda tena bila kupoteza kinga yote, jambo lisilowezekana kwa chotara.

Udhaifu wa kisa upo hapa pia, na nausema waziwazi. Ukinzani wa kiasi ni mgumu kuuza. Msimu wenye bungua wachache mkulima haoni tofauti yoyote, naye huchagua mbegu kwa ukubwa wa gunzi na jinsi maganda yanavyofunika ncha, na ana haki. Mfanyabiashara wa mbegu naye hana kitu cha kuonyesha kwenye shamba la maonyesho ila amwombe mgeni apasue bua. Kama ningekuwa na sauti kwenye mradi wa namna hiyo leo, ningetaka wakulima wapewe kisu na mabua mawili siku ya shamba, moja la mbegu yao na moja la mbegu mpya, wapasue wenyewe. Handaki halihitaji mkalimani.

Mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza, na ndani ya muda mfupi alikuwa amelizunguka bara karibu lote. CIMMYT haikuanza kutoka sifuri. Walirudi kwenye mahindi yale yale yaliyotengenezwa Mexico kukinza wadudu, MBR yakiwemo, wakayapanda Kiboko ndani ya mabanda ya wavu na kuwaweka viwavi juu yake kwa mkono, mmea kwa mmea. Desemba 2020 walitangaza chotara tatu zinazomstahimili kiwavijeshi, FAWTH2001, FAWTH2002 na FAWTH2003. Safari hii waliotoa alama za jani hawakuishia hapo pia. Kiwavijeshi hushuka kutoka majani hadi kwenye gunzi na kula punje chini ya maganda, kwa hiyo mahali pa bua lililopasuliwa palichukuliwa na hindi lililomenywa, nalo likapewa alama yake.